Bili ya Kuenea

Katika The Battle of Polytopia, mchezo wa simu uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Midjiwan ya Sweden, kila mji hupanda ngazi, na unapofika ngazi ya nne mchezaji huwekewa chaguo mbele yake: apanue mipaka ya mji, au aongezewe wakazi watatu ndani ya mipaka ile ile? Mgeni wa mchezo, mara nyingi, hubonyeza mipaka bila kufikiri mara mbili. Ardhi ni kitu cha kuonekana. Mstari wa rangi unasogea, msitu na mlima vinaingia ndani, na moyo unaridhika. Mzoefu hupiga hesabu kwanza. Kutoka ngazi ya nne kwenda ya tano mji unadai wakazi watano, kwa hiyo hao watatu wa bure wanamvusha zaidi ya nusu ya njia, na ngazi ya tano inaweza kumpa jitu, ambalo askari wa kawaida hawaliwezi wakiwa mmoja mmoja. Kama ndani ya mipaka ya sasa bado kuna shamba halijalimwa na madini hayajachimbwa, kupanua ni kujiongezea kazi kabla ya kuimaliza ya kwanza.

Mjini Nakuru, kama kwingineko nchini Kenya, ukisema gemu watu huwaza soka kwenye vibanda vya PlayStation, pamoja na makelele yake. Michezo ya mikakati haina makelele. Huchezwa kwenye simu ndani ya matatu ya kwenda Njoro au Gilgil, au kwenye kompyuta usiku, na mchezo mmoja unaweza kukaa wiki nzima bila kwisha. Wanaoipenda wamegawanyika tangu zamani katika kambi mbili: wanaojenga kwa upana, yaani miji mingi midogo, na wanaojenga kwa kina, yaani miji michache iliyostawishwa mpaka ikaiva. Makala haya yana hoja moja tu kuhusu ubishi huo. Mchezo hauthamini kina kwa kumsifu mwenye mji mzuri wala kwa kumpa zawadi. Hukithamini pale unapomletea mwenye miji mingi bili ya miji yake, kisha ukamwacha aamue kama atailipa.

Polytopia inaitoza bili hiyo mchana kweupe. Sarafu ya mchezo ni nyota, na nyota hununua ujuzi: uvuvi, upandaji farasi, uchimbaji madini na mwingineo. Ujuzi una madaraja matatu, na bei yake hupanda kwa kila mji unaoumiliki: nyota 1 katika daraja la kwanza, 2 katika la pili, 3 katika la tatu. Mwenye miji 2 hulipa nyota 10 kwa ujuzi wa daraja la juu. Mwenye miji 8 hulipa 28 kwa ujuzi huo huo. Mji mchanga wa ngazi ya kwanza, nao, huingiza nyota 1 kwa zamu. Ukiupata mapema una zamu tele za kurudisha gharama. Ukiuteka zikiwa zimebaki zamu tano, katika ile aina ya mchezo inayofungwa baada ya zamu 30, na bado unataka ujuzi wa daraja la tatu mara mbili, mji huo utakuingizia nyota tano kama haukui, na utakugharimu sita. Utakuongezea alama, hilo halina ubishi, lakini kwenye daftari la nyota umekula hasara. Hakuna aliyekukataza. Bei uliiona, uamuzi ukawa wako.

Ilichukua muda mrefu michezo hii kufika hapo. Mwaka 1993 mwandishi wa Marekani Alan Emrich, akiuchambua mchezo wa anga za juu uitwao Master of Orion, alilieleza kundi zima kwa vitenzi vinne: kuchunguza, kuenea, kunufaika, kuangamiza. Kina hakimo, labda ukitafute kwa tochi ndani ya kunufaika. Miaka miwili kabla yake, 1991, Sid Meier na Bruce Shelley walikuwa wametoa Civilization, mchezo wa kuanza na kijiji kimoja na kufika angani, na wachezaji hawakuchelewa kuugundua ujanja wake: jaza ramani vijiji vimebanana, kila kimoja kizae kidogo, na jumla yake itaumeza ufalme wowote wenye miji ya maana. Watunzi wakatumia miaka ishirini kuutibu ugonjwa huo. Toleo la tatu, la 2001, lilizidisha ukali wa ufisadi, hivi kwamba mji ulio mbali na makao makuu hufujwa karibu kila unachozalisha. La nne, 2005, chini ya Soren Johnson, likauwekea kila mji gharama ya matunzo inayopanda kadiri miji inavyoongezeka na kadiri ilivyo mbali. La tano, 2010, likageukia furaha ya raia: kila mji mpya hukuondolea alama 3 za furaha, na kila mkazi alama 1. Nyongeza yake ya 2013 ikazidisha kwamba kila mji unaongeza gharama ya utafiti kwa asilimia 5 kwenye ramani ya ukubwa wa kawaida.

Nadharia iliyo chini ya vitenzi vile vinne ni kwamba ardhi ipo tu, inangoja. Ramani huanza ikiwa giza, mlowezi wako anatembea, giza linafunguka, na palipo wazi ni pako. Kwa msomaji wa Nakuru picha hiyo haina ugeni wowote. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwafanya Wamaasai watie saini mkataba ulioondoa watu na mifugo yao kutoka Bonde la Ufa, kati ya Naivasha na Nakuru, wakapelekwa Laikipia na kusini. Miaka saba baadaye wa Laikipia nao wakahamishwa. Giza la ramani lilikuwa na wenyewe. Lakini tuiache haki kwa muda, tuitazame hesabu peke yake, kwa sababu hata kwenye hesabu nadharia ile ilishindwa hapa hapa, Njoro.

Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, alipewa huko ekari 100,000 kwa mkataba wa miaka 99. Ukipenda upana, upana ndio huo. Akaleta kondoo wa nje, wengi wakafa. Ng'ombe wakapukutika kwa maradhi. Nyasi zilikuwa ndefu na za kijani, ila udongo wa majivu ya volkeno ulipungukiwa na madini ambayo jicho haliyaoni. Ugonjwa wa mifugo unaotokana na upungufu wa kobalti ulikuja kuandikwa katika vitabu vya madaktari wa wanyama kwa jina la nakuruitis. Akageukia ngano, ikaliwa na kutu. Kila ekari aliyoiongeza ilikuwa ekari nyingine ya ugonjwa ule ule. Kilichobadilisha mambo ni kusimama mahali pamoja na kuuliza kwa nini: akaajiri wataalamu wa kuzalisha aina za ngano zinazohimili kutu, na mwaka 1927 serikali ikafungua kituo cha kuzalisha mbegu pale Njoro. Kituo hicho kipo mpaka leo, chini ya shirika la utafiti wa kilimo, KALRO. Mwaka 1998 kutu ya shina ya aina mpya ilipoonekana Uganda, ile inayoitwa Ug99, na wataalamu wakahofia ngano ya dunia nzima, Njoro ndiko kulikopelekwa mbegu za kupimwa. Tangu 2005 maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi yamepandwa pale msimu baada ya msimu, makusudi yaambukizwe, ionekane ipi itasimama. Wakulima wa ngano wa mabara mengine wanategemea vipande vya shamba ambavyo ukipita na gari hutavitambua.

Mtu anaweza kukataa mfano huu kwa sababu nzuri. Delamere, atasema, aliweza kungoja kina kilipe kwa kuwa tayari alikuwa na upana, na pia mali Uingereza ya kuwekea rehani. Mkulima wa ekari mbili pale Mau Narok hawezi kupoteza mavuno miaka mitano mfululizo akijifunza. Hilo ni kweli kabisa, na michezo nayo inalijua. Katika toleo la tano la Civilization lipo taifa la Venice, ambalo haliruhusiwi kuunda walowezi; hujenga mji wake mmoja na kuishi kwa biashara. Watu wakilitaja kama ushahidi kwamba mji mmoja unatosha, husahau kwamba mtunzi ameipa Venice njia za biashara maradufu, pamoja na uwezo wa kununua miji ya wengine kwa mkupuo. Kina kinahitaji mtaji wa kuanzia. Kinachofuata kutoka kwenye ukweli huo, hata hivyo, ni kwamba mwenye mtaji mdogo ndiye anayeumizwa zaidi na bili ya kuenea, kwa sababu hana pa kuikopea. Delamere alizifuta hasara za Njoro kwa rehani. Mwenye ekari mbili akikodi nyingine tatu za mbali bila kujua udongo wake, hasara yake inatoka kwenye karo ya watoto.

Pingamizi la pili hutoka kwa wachezaji wenyewe, nalo lina makali zaidi: adhabu hizi ni za kubuni. Raia wa mji wa kwanza anakasirikaje kwa sababu mji wa saba umejengwa ng'ambo ya bahari? Kodi ya asilimia 5 kwenye utafiti inatoka wapi, kama si kwa mtunzi aliyechoka kuona watu wakijaza ramani? Hapa napokea nusu ya lawama. Toleo la tano lilitoza bili, lakini likaitoza kwa namna iliyofunga mjadala. Sera yake ya Jadi ilitoa majengo ya bure kwa miji minne ya kwanza, na chuo kikuu cha taifa hakijengwi mpaka kila mji uwe na maktaba. Basi kila mtu akajenga miji minne, maktaba nne, chuo kimoja, kwa mpangilio ule ule, mchezo baada ya mchezo. Kina kilichoamrishwa huchosha upesi sawa na upana, na mchezo ambao jibu lake linajulikana kabla ya ramani kufunguka umeacha kuwa wa mikakati. Nusu ya pili ya lawama siipokei. Gharama ya umbali, ya uongozi na ya kutoijua ardhi mpya ipo duniani, wala haikubuniwa na mtu wa kompyuta. Kilichobuniwa ni kipimo chake tu. Kondoo wa Njoro hawakuuawa na kanuni ya mchezo.

Njia bora ya kutoza bili ilikuwa imeshapatikana zamani sana, na dalili zake ziko juu ya mwamba kilomita chache kutoka katikati ya Nakuru. Kwenye kilima cha Hyrax Hill, kando ya barabara ya Nairobi, ambapo Mary Leakey alichimbua makaburi na mabaki ya makazi ya kale mwaka 1937 na 1938, na ambapo palitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1943, kuna mashimo ya bao yaliyotobolewa kwenye jiwe, safu kwa safu. Mashimo ya mwambani hayabebi tarehe, kwa hiyo si kazi yangu kuyapa umri. Inatosha kwamba watu walikaa hapo, ziwa likiwa chini yao, wakahesabu kete. Michezo ya jamii hii imeenea Bonde la Ufa na kwingineko kwa majina na kanuni mbalimbali. Ile yenye kanuni tata kuliko zote inapatikana pwani, bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, na humo ndimo suala la kina limetatuliwa kwa ustadi ambao watunzi wa kompyuta wangefaa kuutazama.

Mchezaji wa bao la Kiswahili huanza na shimo moja kubwa linaloitwa nyumba, ndani yake kete sita, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na kete 22 mkononi ambazo huingizwa moja moja katika hatua ya namua. Nyumba ni hazina. Kete zinaposambazwa baada ya kula na ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako ambayo bado ina kete sita au zaidi, una hiari: ulale, yaani zamu iishe na nyumba ibaki inanenepa, au usafiri, yaani uibomoe na kusambaza kete zake zote kuzunguka upande wako, kwa matumaini ya kula tena. Mpaka hapo ni lile chaguo la ngazi ya nne katika Polytopia, ila bao linaweka hatari moja katikati ya uamuzi huo. Nyumba iliyonenepa inaweza kuliwa. Mpinzani akipata kete ya kula kwenye shimo la mkabala, anachukua yote uliyolimbikiza kwa pigo moja. Kwa hiyo bao halimpi mwenye kina zawadi wala kinga, na mwenye kusafiri halimtozi kodi yoyote. Kila upande unabeba hatari yake mwenyewe: anayetawanya anakuwa na mashimo mepesi kila mahali, anayelimbikiza anakuwa na shimo moja ambalo macho yote yako juu yake. Mjuzi hubadilisha mwendo mara kadhaa katika mchezo mmoja, na hakuna fomula ya miji minne inayoweza kumsaidia.

Wapo watakaosema kwamba historia ya michezo yenyewe imeshaamua. Toleo la sita la Civilization, la 2016, ambalo siku hizi linapatikana hata kwenye simu, liliondoa kodi nyingi za lile la tano, na wachezaji hodari wakarudi kwenye miji kumi, kumi na mitano, kwa sababu kila mji unajenga wilaya zake za elimu na viwanda. Upana umeshinda, wanasema. Umeshinda ndani ya mchezo ambao bili yake imepunguzwa, nami sioni ajabu. Ajabu iko kwenye vitu vidogo vya mchezo huo huo. Zanzibar imo kama dola la mji mmoja, haijengi mji wa pili wala haitumi walowezi popote, na anayeshinda ushawishi wake hupata karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo haziko mahali pengine popote kwenye ramani na zinazotuliza raia wa miji mingi kwa pamoja. Mfalme wa miji kumi na mitano anatuma wajumbe kubembeleza mji mmoja ili watu wake watulie.

Lipo jambo moja ambalo kwalo upana unakishinda kina bila ubishi, nalo ni haraka. Kina huchelewa. Olkaria, karibu na Naivasha, ndani ya kaunti hii ya Nakuru, visima vya kwanza vya kutafuta mvuke vilichimbwa mwaka 1956, vikaachwa, kazi ikarudiwa miaka ya 1970, na mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kutoa umeme mwaka 1981. Robo karne. Leo mvuke huo ni nguzo ya umeme wa Kenya, lakini mchezaji gani angengoja? Katika mchezo wa zamu 30 uwekezaji wa namna hiyo ni ujinga, na katika mchezo wa zamu 500 ni ushindi, ndiyo maana urefu wa mchezo una uzito kuliko kanuni nyingi zinazobishaniwa. Tena kina hiki hakikuwa cha chini ya ardhi peke yake: mtambo wa Olkaria IV ulipojengwa, familia za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 kwenda makazi mapya. Anayedhani kujenga kwa kina ni njia isiyomgusa jirani hajaangalia juu ya kisima.

Jambo ambalo karibu michezo hii yote inalikwepa ni kifo. Mtawala wa Civilization anaishi miaka 6,000. Mji alioustawisha hauna warithi wa kuugombea, kwa hiyo kina chake hakipungui kamwe. Nakuru inalijua hilo kwa upande wake mgumu. Baada ya uhuru mwaka 1963 mashamba makubwa ya walowezi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika, yakagawiwa wanachama, wanachama wakagawia wana, na wana wanagawia wajukuu. Sehemu za Njoro, Bahati na Subukia ekari tano za babu zimekuwa robo ekari za watu wengi, kila mmoja na mabati yake. Mchezo unaolichukua jambo hili kwa uzito ni Crusader Kings III, uliotolewa na Paradox ya Stockholm mwaka 2020, ambao mchezaji humwongoza mkuu wa ukoo wa zama za kati, anakufa, na mchezo unaendelea kwa mrithi. Sheria za mwanzo hugawa milki kati ya watoto. Kasri ulizojenga kwa miaka thelathini zinakwenda kwa mwana wa pili na wa tatu, na wewe unabaki ukizitazama zikiwa na rangi ya mtu mwingine. Aliyetumia maisha yake kuteka huku na huku amewaandalia ndugu vita. Sheria hizo hizo, lakini, humwachia mrithi mkuu makao makuu ya baba, na wachezaji wameshaling'amua: dhahabu yote inamwagwa pale, kwenye mashamba, soko na ngome za wilaya ile moja, kwa sababu ndiyo pekee wanayojua mgawo hautaifikia.